Draiva ya I2C isiyosema uongo

Msimu wa korosho ukifunguka mwezi Oktoba, maghala ya Mtwara na Lindi huanza kujaa magunia, na mvua za kwanza nazo haziko mbali. Korosho ghafi ikivuta unyevu hushuka daraja kabla ya mnada, na katika mfumo wa stakabadhi ghalani mkulima wa Tandahimba au Nachingwea anakuwa ameshaiacha mikononi mwa watu wengine. Kupima unyevu na joto ndani ya ghala, usiku na mchana, ni kazi inayomfaa sana fundi wa elektroniki wa huku kwetu: bodi ndogo ya kompyuta yenye Linux, vihisi viwili vitatu vilivyofungwa kwenye nguzo, saa ndogo yenye betri yake, na chipu ya kuhifadhi vipimo. Vyote hivyo mara nyingi huunganishwa kwa nyaya mbili tu, kwa utaratibu uitwao I2C.

Makala haya yanahusu kipande cha programu kinachoziendesha nyaya hizo, yaani draiva ya kidhibiti cha I2C. Ukinunua bodi maarufu utaikuta imeshaandikwa na kukomazwa kwa miaka mingi. Ukipata bodi ya bei nafuu yenye prosesa isiyojulikana sana, au ukitaka kujenga kidhibiti chako mwenyewe ndani ya chipu ya FPGA, ile ambayo saketi zake unazipanga mwenyewe, itabidi uiandike au uirekebishe. Hapo ndipo makosa yale yale hujirudia kwa kila mwandishi mpya. Mezani, siku ya majaribio, kila kitu kinakwenda sawa. Makosa hujitokeza ghalani, wiki kadhaa baadaye, wakati fundi ameshaondoka.

I2C ilibuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1982. Waya wa SDA hubeba data, waya wa SCL hubeba mapigo ya kloki. Kila kifaa kina anwani yake ya biti 7, na kidhibiti ndicho kinachoanzisha mazungumzo: kinaita anwani, kinasema kama kinataka kusoma au kuandika, kisha baiti zinafuata moja moja. Kila baiti huchukua mapigo 9, yaani biti 8 za data na moja ya kuitikia. Kasi ya kawaida ni kilohezi 100, na ile ya haraka ni 400. Jambo la kushika sana ni hili: hakuna kifaa kinachosukuma waya kwenda juu. Kila kimoja kinaweza kuuvuta chini au kuuachia tu, na rezista ndiyo inayourudisha juu. Kwa hiyo kifaa kimoja kikigoma kuuachia waya, wote wamekwama.

Ugumu wa draiva hauko kwenye kutuma baiti. Kutuma na kupokea mambo yakiwa shwari unaweza kukuandika kwa siku moja ukiwa na kitabu cha chipu mkononi. Ugumu uko kwenye mambo mawili: kusema ukweli kwa programu zilizo juu yako pale kazi inaposhindikana, na kuziacha nyaya zikiwa huru baada ya kushindikana huko. Draiva ni kama karani wa mizani ghalani. Kila anayefuata, mpaka mnunuzi wa mwisho, anafanya hesabu zake kwa kuamini ile karatasi aliyoiandika, na hakuna atakayerudi kupima gunia upya.

Tuone uongo wa namna hiyo unavyozaliwa.

Kisanduku kimefungwa ghalani. Kihisi ni SHT31, cha kawaida kabisa, anwani 0x44. Kikiulizwa hujibu baiti 6: mbili za joto na moja ya kuzihakiki, mbili za unyevu na moja ya kuzihakiki. Kioo kinaonyesha unyevu asilimia 58.4. Usiku mvua inanyesha, mapaa yanavuja hapa na pale, asubuhi hewa ni nzito kiasi kwamba shati linakushika mgongoni, na kioo bado kinaonyesha 58.4. Mzee mlinzi anamwambia fundi, "Mwanangu, hiki chombo chako kimelala tangu jana." Fundi anafungua kumbukumbu za kompyuta na hakuti kosa hata moja. Kila usomaji umefanikiwa, na baiti za uhakiki zinakubaliana na data. Anabadilisha kihisi, anawasha upya, kila kitu kinarudi sawa, kihisi cha zamani kinatupwa kikiwa kizima.

Kilichotokea ni hiki. Draiva nyingi huandikwa hivi: inaanzisha usomaji, kisha inalala ikisubiri interapti, yaani ishara ya kuishtua prosesa, kutoka kwa kidhibiti kwamba kazi imekwisha. Interapti ikija, inapandisha bendera ya "tayari", na aliyelala anaamka. Kuna kikomo cha kusubiri. Kikipita, draiva inarudisha kosa. Sasa tuseme usiku ule umeme uliyumba kidogo au kihisi kilichelewa, kikomo kikapita, draiva ikarudisha kosa. Mpaka hapo ni haki. Lakini mwandishi hakukizima kidhibiti. Muda mfupi baadaye interapti iliyochelewa ikafika, ikapandisha bendera, na hapakuwa na mtu wa kuisubiri. Bendera ikabaki juu.

Usomaji uliofuata ukaanza. Draiva ikaangalia bendera, ikaikuta juu, ikaamini kazi imekwisha wakati hata baiti ya kwanza haijapita kwenye waya. Ikarudisha "imefanikiwa" pamoja na bafa, yaani sehemu ya memori ya kuwekea data, kama ilivyoikuta, na ndani ya bafa hiyo mlikuwa na vipimo vya mwisho vilivyo sahihi, vikiwa na baiti zao za uhakiki zilizo sahihi. Programu inayotumia bafa ile ile kila mara haina namna ya kujua. Kisha interapti ya usomaji huu ikafika kwa kuchelewa, ikapandisha bendera kwa ajili ya usomaji ujao. Kuanzia hapo draiva iko nyuma hatua moja, na itabaki hivyo mpaka mtu azime umeme. Mbaya zaidi, interapti hiyo inaandika data kwenye bafa ambayo keneli, yaani kiini cha Linux, imeshaichukua na pengine imeshaikabidhi kwa kazi nyingine. Memori ya kompyuta inaharibiwa kidogo kidogo, na siku keneli itakapoanguka hakuna atakayeilaumu I2C.

Dawa yake ina sehemu mbili na zote ni za lazima. Kwanza, kabla ya kuanzisha kazi yoyote, shusha bendera. Katika Linux ni mwito wa `reinit_completion`, mstari mmoja tu. Pili, kikomo kikipita, kabla hujarudisha kosa zima interapti za kidhibiti, kirudishe katika hali ya mwanzo, na kama DMA, saketi inayohamisha data bila kupitia prosesa, ilikuwa kazini isimamishe na uhakikishe imesimama kweli. Ukifanya la kwanza bila la pili, interapti iliyochelewa inaweza kuingia katikati ya kazi mpya na kuleta uharibifu ule ule kwa mlango mwingine.

Kikomo chenyewe nacho kinahitaji hesabu. Linux isipopewa kikomo huweka sekunde 1. Ujumbe mmoja unaruhusiwa kufika baiti 65,535, na kwa kilohezi 100 ujumbe wa namna hiyo huchukua karibu sekunde 5.9. Anayepokea ujumbe mrefu na kusubiri sekunde moja atapata kosa ambalo halipo. Kikomo kipimwe kwa urefu wa ujumbe na kasi ya kloki, kisha kiongezwe nafasi ya kutosha kwa vifaa vinavyoishikilia SCL chini ili kujipa muda wa kufikiri.

Kuna ndugu wa kosa hili anayenisumbua zaidi kwa sababu anaonekana kama uungwana. Mwandishi anataka mtumiaji aweze kubonyeza Ctrl na C akatoka bila kusubiri, hivyo anatumia ile namna ya kusubiri inayoweza kukatizwa, `wait_for_completion_interruptible_timeout`. Inapokatizwa inarudisha namba hasi. Sasa angalia jinsi watu wanavyoipokea: wanaiweka kwenye kigezo cha aina ya `unsigned long`, aina isiyojua namba hasi. Hasi 512 inageuka kuwa namba kubwa mno, siyo sifuri, na kwa kuwa sifuri tu ndiyo maana yake muda umeisha, draiva inahitimisha kwamba mambo yamekwenda vizuri. Kazi imekatwa katikati, kidhibiti bado kinapiga kloki, na juu kumepelekwa taarifa ya mafanikio.

Hata ukiitengeneza aina ya kigezo, wazo lenyewe ni baya. Mazungumzo ya I2C hayapendi kukatwa katikati. Tumia namna isiyokatizwa, `wait_for_completion_timeout`, yenye kikomo. Mtumiaji atasubiri milisekunde chache, hatakufa. Na kumbuka kwamba hiyo nayo hairudishi namba hasi kamwe: sifuri ni muda umeisha, kingine chochote ni muda uliobaki. Kuandika sharti la "kama ni chini ya sifuri" hapo ni kuandika sharti ambalo halitatimia hata siku moja.

Twende kwenye nyaya kukwama, maana hili kwetu ni la kila siku. Umeme unakatika kwa sekunde moja. Bodi inajiwasha upya, lakini kihisi kina kapasita au betri iliyokibakisha hai. Kabla ya kukatika kilikuwa katikati ya kutuma baiti, na biti iliyokuwa zamu ilikuwa sifuri, hivyo kimeivuta SDA chini kikingoja pigo la kloki linalofuata. Bodi inaamka, inakuta SDA iko chini, inadhani kuna mtu anatumia njia, inangoja. Kihisi nacho kinangoja kloki. Kuwasha upya programu hakusaidii kitu, kwa sababu aliyeshikilia waya hajazimwa.

Njia ya kuwatoa ipo kwenye maelezo rasmi ya I2C: kidhibiti kipige SCL mpaka mara 9. Katika mapigo hayo kifaa kitafika mwisho wa baiti yake na kuiachia SDA. Linux ina utaratibu huu tayari. Draiva inachotakiwa kufanya ni kujaza muundo uitwao `i2c_bus_recovery_info` na kusema jinsi ya kuinua na kushusha SCL, kusoma SDA, na ikiwezekana kuishusha SDA pia. Wengi huishia kwenye SCL peke yake. Usiishie hapo. Kama kifaa kilikwama katikati ya kuandikiwa, na siyo kusomwa, pigo la kwanza linaweza kukifungua, na mapigo yanayofuata yataingia kwake kama biti za data. Unaweza kujikuta umeandika takataka ndani ya rejista ya kifaa, yaani kisanduku kidogo cha data ndani yake, ukidhani unakiokoa. Ndiyo sababu Linux, ikipewa uwezo wa kuishika SDA, hujaribu kutuma alama ya kusimama, yaani ishara ya kufunga mazungumzo, baada ya kila pigo.

Uokoaji huu una wakati wake. Ufanyike pale SDA inapoonekana kushikiliwa chini kabla ya kuanza kazi au baada ya kikomo kupita. Kuna draiva zinazoukimbilia kila kifaa kinapokataa kuitikia, na hilo ni kosa, kwa sababu kutoitikia ni jibu halali. SHT31 ikiulizwa kabla haijamaliza kupima, kazi inayoweza kuchukua milisekunde 15, haiitikii anwani yake. Chipu za EEPROM, zinazohifadhi data hata umeme ukikatika, huwa kimya wakati zinaandika ndani, na programu hutumia ukimya huo kujua kama zimemaliza. Ndiyo maana pia draiva haipaswi kujaza kumbukumbu za mfumo kwa ujumbe wa kosa kila inapokosa jibu. Mtu akikagua anwani zote kutafuta kilichounganishwa, utampa zaidi ya mistari mia ya makosa yasiyo makosa.

Kinachotakiwa ni kurudisha namba sahihi. Linux imekubaliana juu ya maana: kifaa kisipoitikia anwani ni `-ENXIO`; muda ukiisha ni `-ETIMEDOUT`; ukishindwa kugombea njia na kidhibiti kingine ni `-EAGAIN`. Hiyo ya mwisho ina faida yake, kwa sababu keneli ikiiona inaweza kurudia kazi yenyewe, mara nyingi kadiri draiva ilivyoweka kwenye `retries`. Draiva inayorudiarudia kimyakimya ndani yake inavuruga mpango huo, na kosa la nusu sekunde linageuka kukwama kwa sekunde kadhaa bila maelezo. Na inayorudisha `-EIO` kwa kila kitu inamnyima aliye juu uwezo wa kutofautisha "kihisi hakipo" na "kihisi kina shughuli". Kazi ikifanikiwa, rudisha idadi ya ujumbe uliopita, siyo sifuri.

Yaliyobaki nitayapitia kwa haraka kidogo, ingawa kila moja limeshawagharimu watu usingizi.

Anwani katika Linux ni biti 7. Vitabu vingine vya chipu huiandika ikiwa imeshasogezwa nafasi moja kushoto, ikiwa na biti ya kusoma au kuandika mwishoni; 0x44 inaandikwa 0x88. Ukichanganya hayo mawili utakuwa unamwita jirani.

Ujumbe kadhaa ukiletwa pamoja, kati yake kunatakiwa alama ya kuanza tena, na alama ya kusimama ije mwishoni tu. Vifaa vingi husamehe ukisimama katikati. Vichache havisamehi, na navyo vitarudisha rejista tofauti na uliyoiomba. Kama kidhibiti chako hakiwezi kabisa kufanya hivyo, au hakiwezi ujumbe wa urefu sifuri, au kina ukomo wa baiti, kitangaze kwa kutumia `i2c_adapter_quirks` na uondoe uwezo huo kwenye orodha ya unavyoviweza. Kujitangaza unaweza, kisha ukafanya kitu kinachofanana, ni ule uongo tulioanza nao.

Kuna aina ya usomaji ambamo kifaa chenyewe husema kwa baiti ya kwanza kwamba baiti ngapi zinafuata. Ukomo wa asili wa SMBus, utaratibu uliojengwa juu ya I2C, ni 32. Ikague namba hiyo kabla hujaitumia. Kifaa kibovu, au waya uliopata kutu kwa hewa ya chumvi ya Mikindani, kinaweza kusema 255, na SDA ikiwa imeachwa juu bila mwenyewe ndivyo inavyosomeka. Draiva isiyokagua itaandika nje ya bafa.

Usiombe interapti kabla ya kuandaa kila kitu ambacho kazi yake itakigusa. Programu iliyowasha bodi inaweza kuwa imeacha interapti inayosubiri, nayo itakurukia papo hapo, ikakuta kloki ya kidhibiti haijawashwa na viashiria vitupu. Zima na kufuta interapti zote kwanza, kisha omba. Katika kuondoa, rudi kwa mpangilio wa kinyume: ondoa kidhibiti kwenye mfumo kwanza, kloki iwe ya mwisho kuzimwa.

Rejista za hali mara nyingi hufutwa kwa kuandika 1 kwenye biti husika. Mwenye mazoea ya kusoma rejista, kubadilisha biti moja na kuirudisha, anafuta pamoja na biti nyingine zote zilizokuwa 1, na habari iliyofika sekunde hiyo hiyo inapotea bila kusomwa. Andika biti unayotaka kuifuta peke yake.

Na kloki. Tuseme chanzo ni megahezi 25 na unataka kilohezi 400. Kugawanya kunatoa 62.5, lugha ya C inakata desimali na kubaki na 62, na njia yako inakwenda kwa kilohezi 403, juu ya ukomo. Zungusha kwenda juu uweke 63, upate karibu 397. Pamoja na hesabu hiyo, hakuna draiva inayoweza kuushinda waya mrefu. Kwa rezista ya kiloomu 4.7 na uwezo wa waya kushika chaji wa pikofaradi 400, ambao ndio ukomo wa I2C ya kawaida, mawimbi huchukua takriban mikrosekunde 1.6 kupanda, wakati ukomo kwa kilohezi 100 ni mikrosekunde 1. Anayetaka kihisi upande wa pili wa ghala atafute rezista ndogo zaidi, ashushe kasi, au abadilishe utaratibu kabisa.

Majaribio yafanyike kabla ya kupanda gari kwenda Newala. Chomoa kihisi usomaji ukiwa unaendelea. Gusanisha SDA na waya wa ardhi kwa kipande cha waya, subiri kikomo kipite, achia, kisha usome tena na uhakikishe namba ni mpya: pulizia kihisi pumzi yako, unyevu lazima upande. Ua programu ya kusoma mara nyingi katikati ya kazi. Gusanisha SCL nayo na waya wa ardhi kwa namna hiyo hiyo. Mwenye bodi ya pili, au pini mbili huru, atumie chombo kilichomo ndani ya Linux yenyewe cha kuleta hitilafu kwa makusudi kwenye draiva ya `i2c-gpio`. Kina faili kama `incomplete_address_phase`, linalokiacha kifaa kikiwa kimeishika SDA chini, na `incomplete_write_byte`, linalokiacha katikati ya kuandikiwa. Hilo la pili lijaribiwe kwenye kifaa ambacho hata rejista yake ikiharibika hutalia, na baada ya uokoaji soma rejista hiyo uone kama bado ina thamani uliyoiacha.